Kuonja waya kabla ya kununua

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto, tuzungumze juu ya ralonje.

Tulinunua moja sokoni, nyeupe, ya matundu matano, imeandikwa 16 A. Siku ya tatu umeme ulirudi jioni, na kama kila nyumba tukakimbilia kuchomeka vyote pamoja: konjelateri, pasi, telefoni mbili. Mtoto mdogo alikuwa amelala juu ya mkeka, na waya ulipita chini ya mkeka huo. Tulisikia harufu ya plastiki kabla ya kuona moshi. Tukakata umeme wa nyumba nzima, tukamwinua mtoto, ndipo tukachomoa. Waya ulikuwa umelainika kama mshumaa.

Kesho yake tuliupasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na nyuzi chache, nyembamba kama nywele, zenye rangi nyekundu nzuri. Tukasogeza sumaku tuliyoitoa katika bafle ya redio iliyokufa, nyuzi zikaishika. Shaba haishikwi na sumaku. Kile kilikuwa chuma kilichopakwa shaba juu. Na sisi tunakaa Shituru!

Hesabu ni hii, hata mtoto wa kalasi ya sita anaiweza: 16 A mara volti 220 ni wati 3,520. Vitu vyetu vyote havikufika hata nusu yake. Kwa hiyo hatukuzidisha mzigo. Maandishi ndiyo yaliyodanganya.

Wengi wetu tumezaliwa na kulelewa karibu na viwanda hivi. Tangu 1929, wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, hapa mawe yanatiwa katika asidi, umeme unapitishwa, na shaba safi inajishika kwenye bamba kidogo kidogo. Lakini bamba haliuzwi kwa sababu linang'aa. Wanachukua vipande vidogo kutoka mabamba mbalimbali ya mzigo, vinapelekwa laboratwari kupimwa. Shaba ya daraja la kwanza kwenye soko la London inapaswa kuwa safi kupita asilimia 99.99. Ukali huo una sababu yake: uchafu kidogo tu unauzuia umeme. Ukichukua nyaya za unene uleule, aluminyumu inapitisha umeme kama sehemu 6 tu katika 10 za shaba, na chuma hakifiki sehemu 2. Waya unaozuia umeme unapata moto, na moto huo ndio uliokuwa chini ya mkeka wetu.

Mahali wanapotengeneza ralonje, sharjeri na telefoni, upimaji nao una taratibu zake. Kuna vipimo ambavyo kila kitu kinapita. Sharjeri, kwa mfano, inapigwa maelfu ya volti kwa muda mfupi, kuona kama umeme wa ukutani unaweza kuvuka hadi upande wa telefoni unaoshikwa na mtoto. Vipimo vingine vinaharibu kitu chenyewe: kukivuta mpaka kikatike, kukichoma, kukiangusha. Hivyo haviwezi kufanywa kwa vyote, maana hakutabaki cha kuuza. Wanachukua vichache katika mzigo. Ni kama mama anavyoonja sombe: kijiko kimoja kinatosha, lakini lazima sufuria iwe imekorogwa. Anayeonja juu tu hajui chumvi iliyolala chini.

Hata wakubwa wanateleza. Mwaka 2016 Samsung iliita telefoni zake za Galaxy Note 7 zipatazo milioni 2.5 zirudishwe, kwa sababu batri zilikuwa zinawaka. Kutafuta kosa, walisema, walipima telefoni 200,000 na batri 30,000. Kosa lilikuwa ndani ya batri zenyewe. Kama wenye maabara za namna hiyo walipitwa, je, ile sharjeri isiyo na jina, inayouzwa juu ya kitambaa kando ya barabara?

Nchi yetu ina Ofisi ya Kongo ya Kupima, OCC, tangu 1974, na kazi yake ni pamoja na kukagua bidhaa zinazoingia. Lakini mzigo unaopita usiku kwa njia za panya haukutani na mpimaji. Na zile herufi CE msiziamini peke yake: kwa vitu vingi mtengenezaji anajiwekea mwenyewe, na mwizi anazichapa vilevile.

Basi tunaleta wazo kwa vikundi vyetu. Likelemba nyingi zinanunua vitu kwa pamoja, masufuria na vitenge, kwa nini si ralonje? Wanawake kumi na wawili wakinunua kila mmoja peke yake, hakuna atakayekubali kupasua ya kwake. Wakinunua pamoja, wanaweza kununua mbili kwanza, moja kutoka juu ya katoni na moja kutoka chini, wakaziharibu bila kulia. Bei ya zile mbili inagawanywa kwa wote. Muuzaji aambiwe mapema, mbele ya mashahidi, kwamba zikikataa katoni yote inabaki kwake. Anayekasirika kusikia hayo amekwisha kutujibu.

Kwa kuzipima: zisiwe zimechomekwa popote. Menyeni waya, sogezeni sumaku kwenye nyuzi. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, msifurahi bado. Kwangueni uzi kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, aluminyumu inaonyesha weupe chini ya rangi. Tazameni pia bati la ndani ya matundu, kama linabana au linalegea, maana palipolegea ndipo panapochomeka. Mkisharidhika, mwanamke mmoja atumie ya kwake kwa pasi nusu saa, akiwa macho, waya umenyooshwa sakafuni, halafu achomoe na kuugusa kwa nyuma ya mkono. Joto kidogo si neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, hiyo si ya kurudi nyumbani.

Na zile ambazo tunazo tayari, tuzitoe leo chini ya mikeka na nyuma ya magodoro. Sumaku yetu ya bafle ipo. Kikundi kinachoihitaji kabla ya Jumamosi kitume mtoto mkubwa, si mdogo, maana ile ya kwanza ilipotea shuleni.