Mpira wa kikapu nao unahitaji paa

KUTOKA MPAKANI
Na Barasa Wandera

Mvua za masika zikianza huku kwetu mpakani mwa Uganda na Kenya, kutoka Bulumbi hadi Tororo, mchezo wa kwanza kusimama ni mpira wa kikapu. Soka huvumilia matope, kikapu hakiwezi. Simenti ikilowa huteleza na mpira hukataa kudunda. Vijana hushika mafagio kusukuma maji nje ya mistari, na kabla uwanja haujakauka wingu jingine limeshatanda upande wa Msitu wa Busitema. Mechi huahirishwa, mashabiki wakarudi makwao.

Kwa hiyo nasema wazi: vyuo vikuu vya mpakani vijenge ukumbi wa michezo wenye paa, na mlango wake uwe wazi kwa wananchi.

Vyuo tunavyo. Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007, na mbali na makao yake makuu wilayani Busia kina kampasi Nagongera, wilayani Tororo. Upande wa Kenya, Alupe ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. Hata hivyo, mwenye duka mjini Busia anaweza kumaliza mwaka mzima bila kupata sababu ya kukanyaga kampasi yoyote kati ya hizo. Mwanafunzi naye humaliza masomo akiujua mji kwa kituo cha matatu na soko tu.

Tukumbuke mchezo huu ulizaliwa ndani ya nyumba. Mwaka 1891, mjini Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwachangamsha wanafunzi wakati baridi kali ilipowafungia ndani. Alitundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, kazi ikaanza. Wao walikimbia baridi, sisi tuna mvua na jua la saa nane.

Baadaye Naismith alihamia Lawrence, mji mdogo wa Kansas wenye chuo kikuu. Leo mji huo una watu wasiofika laki moja, lakini ukumbi wa chuo, Allen Fieldhouse, uliofunguliwa mwaka 1955, unaingiza watazamaji zaidi ya 15,000. Siku ya mechi, fundi, muuza duka na profesa huketi benchi moja na kushangilia timu moja. Timu ya chuo imekuwa timu ya mji.

Najua atakayeuliza: mbona tusianze na maabara na mabweni? Swali hilo ni la haki, na wala sidai ukumbi wa kifahari. Kigali ilifungua mwaka 2019 ukumbi wa watu wapatao 10,000, lakini ule ni wa jiji kuu la nchi. Sisi zinatutosha nguzo za chuma, mabati, sakafu nzuri, taa na mabenchi ya watu mia chache. Humo humo pafanyike mahafali, mitihani, mikutano na harusi, na kodi yake ilipie umeme na ukarabati. Jioni ya mechi, mwenye bodaboda atapata abiria, mama wa chapati atauza, na nyumba za wageni zitapokea timu ngeni.

Faida kubwa zaidi ni kwa vijana. Timu za vyuo kama UCU Canons na Ndejje Angels zimeonyesha kwamba chuo kikuu kinaweza kusimama imara katika ligi ya taifa ya Uganda. Mtoto wa Bulumbi mwenye kipaji asilazimike kusafiri hadi Lugogo, Kampala, ndipo aone mechi kubwa chini ya paa.

Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia, na malori yakapunguziwa foleni. Kama serikali mbili ziliweza kukaa chini ya paa moja kwa ajili ya mizigo, vyuo viwili vitashindwaje kwa ajili ya vijana? Wakuu wa Busitema na Alupe wakutane na viongozi wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na wa Tororo, waamue eneo, gharama na nani anachangia nini. Nasi wafanyabiashara na wazazi tusisubiri wafadhili: harambee ikiitwa, tujitokeze.