Kila mtoto wa Kilifi aujue mnyaa

Mti ambao watoto wa pwani ya Malindi na Kilifi wanapaswa kufundishwa mapema kuutambua ni mnyaa, ambao wengine huuita mtupa mwitu, kwa sababu hupandwa kuwa ua wa nyumba na mpaka wa shamba, pale pale watoto wanapochezea, ilhali utomvu wake, yaani majimaji mazito meupe yanayochuruzika tawi linapovunjika, huunguza ngozi na huweza kuliumiza jicho vibaya.

Kwa jina la kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, aliloupa mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753, na kuutambua si kazi ngumu. Vijiti vyake ni vya kijani, laini, vya mviringo, vyenye unene wa kalamu, navyo huchipuka kwa mafungu hata mti ukadhaniwa hauna majani. Kumbe majani unayo, madogo mno, ambayo hupukutika mapema na kuviachia vijiti kazi ya kuutengenezea mti chakula kwa mwanga wa jua. Alama hizo zinatosha, wala hapana haja ya kuvunja tawi ili kuhakikisha utomvu umo.

Ndani ya utomvu huo mna kemikali ziitwazo esta za diterpini, ambazo huifanya ngozi iwashe, iwe nyekundu na kutoka malengelenge. Zikiingia jichoni hushambulia konea, lile tabaka angavu la mbele, na maumivu makali huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, mkata ua akadhani amesalimika. Kwa hiyo aliyerukiwa aoshe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende hospitali.

Lipo na jambo zito zaidi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza saratani ya taya za watoto, ambayo baadaye ilihusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr; majaribio ya maabara yameonyesha kwamba utomvu wa mnyaa huweza kuviamsha virusi hivyo, na ingawa hilo halithibitishi kuwa mti ndio chanzo cha ugonjwa, ni sababu tosha ya kuwakataza watoto kuuchezea.

Haya hayamaanishi kwamba kila mnyaa ung'olewe, kwani huota kwa kuchomeka kipande tu, hustahimili kiangazi na mifugo huuepuka, nazo ni faida ambazo mkulima wa Ganze au Magarini hawezi kuzipuuza. Hata hivyo, penye watoto wadogo lazima hatua zichukuliwe: Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo Gede. Basi Kaunti ya Kilifi iwaite wataalamu wa kituo hicho, iiondoe minyaa iliyozunguka viwanja vya chekechea, na iwafundishe walimu na wazazi alama za mti huu kabla jicho la mtoto mwingine halijaumia.