KIGOMA HADI MTWARA: UMBALI SI KILOMITA TU

Mtu akiichukua ramani ya Tanzania, akapiga mstari ulionyoka kutoka Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, hadi Mtwara, kwenye Bahari ya Hindi, ataona kuwa miji hiyo miwili imeachana kwa kadiri ya kilomita 1,300. Ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 600 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa mbili na dakika kumi hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya ramani. Hesabu ya msafiri ni nyingine.

Njia ya kawaida ya msafiri huyo ni kupitia Dar es Salaam. Wengi hudhani kwamba mzunguko huo ndio umcheleweshao. Sivyo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,080 angani, na kutoka hapo hadi Mtwara ni kama 390. Jumla ni 1,470. Basi mzunguko wote waongeza kilomita 170 tu, ambazo kwa ndege ile ile ni dakika 17. Kinachomla msafiri ni kungojea. Ndege ya kwanza ikitua alasiri, ilhali ya pili imekwisha ondoka asubuhi, safari ya saa mbili na nusu angani yageuka kuwa ya siku mbili, na gharama ya malazi juu yake.

Jambo hili lina asili yake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikitokea Dar es Salaam. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa wakoloni, haikuungana nayo, na ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wasafiri wa kusini kwa njia ya pwani walivuka Rufiji kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Njia hizo hazikuchorwa kumfikisha mwananchi wa magharibi kwa ndugu yake wa kusini.

Wapo watakaosema kwamba abiria wa safari hiyo ni wachache. Ni kweli. Lakini wachache hao ni nani? Ni mwalimu wa Kigoma aliyepangiwa kazi Mtwara, ni muuguzi, ni askari. Walipopelekwa mbali na kwao hawakuambiwa kuwa ni wachache. Mtu huyo akipigiwa simu usiku kwamba mzazi wake amefariki, haulizi habari za kilomita. Ataka kujua jambo moja tu: je, atawahi kuzika?

Hatudai ndege ya moja kwa moja, maana ndege isiyojaa ni hasara kwa taifa zima. Tunalotaka ni kwamba ratiba za mikoani zipangwe kwa kutazamana. Angalau siku kadhaa za juma, ndege ya magharibi itue kabla ya ile ya kusini kuruka, na kinyume chake. Tikiti iwe moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa abiria asipoteze nauli ya pili. Tena abiria aelezwe muda wa safari nzima, si ule wa angani peke yake.

Dakika 17 hazimtengi mtu na jamaa zake. Usiku mmoja wa kungojea waweza kumkosesha mazishi ya mzazi wake. Wapangao ratiba na walifikirie hilo.