Itigi: SGR ikija, nani atauza dirishani?

Anayefika Itigi kwa reli ya zamani huusikia mji kabla hajauona vizuri. Wachuuzi hukimbilia madirishani na kuku, asali na mahindi ya kuchemsha, chenji inarudishwa huku treni imeshaanza kuondoka, kisha stesheni inatulia. Dakika hizo chache zimesomesha watoto, na ndizo zinazotufanya tuisubiri SGR kwa matumaini na wasiwasi pamoja.

Mji huu ni mtoto wa reli. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, wakipita kwenye vichaka vinene ambavyo hadi leo wataalamu wa mimea huviita kwa jina la Itigi. Wakati wa Waingereza, waliokuwa wakienda Chunya na Mbeya walishukia hapa na kupanda magari ya kusini kupitia Rungwa. Sasa Itigi ina halmashauri yake, ina machimbo ya jasi, ina Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Hata hivyo, mwenyeji akikuelekeza kwake bado ataanzia stesheni.

Kipande cha SGR cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021, kinapita Manyoni na Itigi. Treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zilizoanza mwaka 2024, zimeshatuonyesha mambo yatakavyokuwa: madirisha hayafunguki, jukwaani anaingia mwenye tiketi, na chakula kinauzwa ndani ya behewa. Mama wa kuku hapo asimame wapi?

Hatusemi SGR isije. Mgonjwa wa rufaa anaihitaji, na mkulima wa korosho wa Manyoni pia. Tunachoulizia ni eneo la nje ya geti la stesheni mpya. Fremu zikijengwa pale, mwenye mtaji atawahi, tena pengine si mkazi wa Itigi. Mchuuzi wa jukwaani hana mkataba wala karatasi ya kuthibitisha kwamba alikuwepo miaka yote hiyo.

Kuandika majina yao hakuhitaji mkandarasi. Halmashauri inaweza kuanza sasa, wakati treni ya zamani bado inasimama na wenyewe wapo pale pale jukwaani, beseni kichwani.