Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Nilinunua Honda XL 125 kuukuu hapa Mbagala. Ilikuwa imelala uani muda mrefu. Majirani wakasema, ipake rangi kwanza. Nilikataa. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye breki. Rangi haisimamishi pikipiki.

Fundi alifungua gurudumu la mbele. Breki zilikuwa zimelika kabisa! Na muuzaji alikuwa amenihimiza nimpakie mtoto wangu nyuma, niondoke.

Kisha tulimwaga petroli ya zamani. Petroli ikikaa sana huharibika. Huacha utando ndani ya kabureta, na injini haiwaki vizuri. Tukasafisha kabureta na tangi. Oili, plagi na mnyororo tulibadilisha.

Sasa inapita mchanga wa Chamazi bila taabu. Rangi bado imebabuka.