Chicago na Taaluma Zake

Jiji la Chicago limechunguzwa na taaluma nyingi, na kila moja imeona kile ambacho nyingine ilikikosa. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House, nyumba ya huduma iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr, walichapisha ramani za mishahara na asili za majirani zao. Kazi hiyo, ya wanawake hasa, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Robert Park na Ernest Burgess, wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, walifuata, na mwaka 1925 Burgess akauchora mji kama duara ndani ya duara. Mchoro huo haukutosha kueleza kwa nini Weusi walibanwa South Side, upande wa kusini wa jiji. Jibu lilidai pia sheria, maana mikataba ya nyumba iliwazuia wasinunue kwingine. Umuhimu wa kuunganisha taaluma ulidhihirika Julai 1995, joto kali lilipoua watu zaidi ya 700. Tabibu aliona miili iliyozidiwa na joto. Mtaalamu wa hali ya hewa aliona nyuzijoto. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, vyote vyenye wazee maskini wanaoishi peke yao. North Lawndale, penye maduka yaliyofungwa na viwanja vitupu, wazee waliogopa kutoka, wakafa wengi. South Lawndale, penye mitaa iliyojaa wanunuzi na wapita njia, vifo vilikuwa vichache mno.