Kutu, Adui wa Mashine za Kahawa

Waafrika wa Meru na Embu walianza kulima kahawa katika miaka ya 1930, na tangu hapo viwanda vya kumenyea kahawa vimeenea katika miteremko ya Mlima Kenya. Mashine za viwanda hivyo ni za thamani kubwa, lakini zote hushikwa na bolti na nati za bei ndogo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Bolti moja ikikatika wakati wa mavuno, mashine husimama. Na kahawa iliyochumwa leo yapasa kumenywa leo, kwani ikilala huchacha na bei yake hushuka.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa. Kiwandani maji hayakosekani, wala si maji matupu. Ute wa kahawa ukichacha birikani hutoa asidi. Bolti iliyopakwa zinki hustahimili mvua miaka mingi, maana zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Lakini asidi huimaliza zinki upesi, na chuma hubaki uchi.

Adui wa pili ni mrututu. Mkulima anyunyizaye dawa ya mrututu ili kuzuia kutu ya majani ya kahawa aweza kuleta kutu ya chuma katika bomba lake. Atakaye ushahidi na atie msumari mpya usio na zinki katika maji ya mrututu: baada ya muda mfupi utakuwa mwekundu. Ile ni shaba iliyoushika msumari, na chuma kimeyeyuka mahali pake. Kwa hiyo dawa hiyo huchanganywa katika chombo cha mti au cha plastiki, na bomba huoshwa kwa maji safi siku ile ile.

Kinga yake si ngumu. Kila jioni mashine ioshwe kwa maji safi na kuachwa ikauke. Bolti ipakwe grisi kabla ya kufungwa, hasa pale inapopita nati. Kwenye bamba la shaba zifungwe skrubu za shaba, kwa kuwa shaba na chuma vikigusana majini, chuma ndicho kiliwacho. Kabla ya mvua za vuli za mwezi wa Oktoba, bolti zifunguliwe moja moja na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Iliyo nzima ipakwe rangi ya kuzuia kutu au grisi. Iliyolika na kuwa nyembamba itupwe. Palipo na maji daima, chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, lakini hudumu.

Kamati ya kiwanda itakayotenga fedha kidogo kwa grisi na bolti za akiba haitawaona wanachama wakirudi nyumbani na magunia ya kahawa isiyomenywa.